Kura 2,404 zilizotosha: Mgeni wa siasa na kiti cha miaka 44

Kijana, kabla hujaniambia siasa ni ya wenye mapesa, hebu tupige hesabu kidogo. Kura 2,404. Ukishuka Pipeline pale Embakasi, watu wazima wa idadi hiyo unawapata kwenye ploti chache za barabara moja, na bado hujavuka upande wa pili. Hawajazi hata kona moja ya uwanja wa Nyayo. Lakini Agosti 9, 2016, mjini Minneapolis kule Marekani, kura 2,404 zilitosha kumwondoa mbunge wa jimbo aliyekuwa amekalia kiti chake karibu miaka 44.

Aliyezipata anaitwa Ilhan Omar. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 33, mama wa watoto watatu, na hakuwa amewahi kugombea kiti chochote. Ilhan wa leo, yule wa Kongresi kule Washington, pengine unamjua kupitia klipu za mtandaoni. Kuna wanaompenda kupindukia na kuna wasiotaka hata kumsikia. Huyo leo tumwache kando. Tumwangalie yule wa 2016, aliyekuwa akigonga mlango mmoja baada ya mwingine akijitambulisha kwa watu wasiomjua. Kwa sababu ukiwa na ndoto ya kuwania udiwani 2027, ama hata kama huna ndoto hiyo lakini umejisajili kupiga kura, kuna jambo kwenye mbio zile ambalo huku kwetu tunalipuuza kila mara.

Kutoka Utange

Tuanzie nyumbani, maana hadithi hii inapitia Mombasa. Ilhan alizaliwa Somalia mwaka wa 1982. Vita vilipolipuka, familia yake ilikimbilia Kenya na kuishia kambi ya wakimbizi ya Utange, alikokaa miaka minne. Ukiwa mtu wa Kisauni unajua Utange ya leo ni mtaa kama mitaa mingine. Kambi ilifungwa zamani. Mama yake alikuwa amefariki Ilhan akiwa mdogo sana, kwa hivyo waliomlea ni baba na babu yake.

Mwaka wa 1995 walipata nafasi ya kwenda Marekani, na 1997 wakahamia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, ambako Wasomali wengi walikuwa wakifanya makao. Huyo babu ndiye aliyemwingiza Ilhan kwenye siasa. Mzee alipenda sana mambo ya demokrasia, ila Kiingereza kilikuwa kinampiga chenga. Basi akawa anambeba mjukuu wake wa miaka 14 kwenye mikutano ya chama ya mtaani ili amtafsirie.

Hebu fikiria. Wenzako wako nje wanacheza, wewe umeketi kwenye ukumbi na watu wazima wanaobishana kuhusu ajenda na wajumbe, na kila sentensi lazima uielewe kwanza ndipo umwambie babu. Hakuna shule ya siasa inayoshinda hiyo.

Kiti chenyewe

Huko Marekani kila jimbo lina bunge lake, mbali na Kongresi ya Washington. Ukitaka kulinganisha na kwetu, chukua bunge la kaunti kisha uliongezee nguvu mara kadhaa. Bunge la jimbo hutunga sheria za jinai, hupanga kodi, huamua pesa za shule, vyuo na barabara. Bunge la Minnesota linakaa mji wa Saint Paul na lina mabaraza mawili: Seneti yenye viti 67, na Baraza la Wawakilishi lenye viti 134. Mwakilishi huchaguliwa kwa miaka miwili tu, kisha anarudi kwa wananchi.

Kiti ambacho Ilhan alikitaka kilijulikana kama 60B. Ndani yake kulikuwa na Cedar-Riverside, mtaa wa maghorofa marefu uliojaa Wasomali hadi watu wakaupa jina la Mogadishu Ndogo. Kulikuwa pia na sehemu kubwa ya Chuo Kikuu cha Minnesota pamoja na wanafunzi wake, na mitaa tulivu ya wazungu wa umri mkubwa wanaomiliki nyumba zao. Yaani wapangaji, wanafunzi na wenye nyumba, wote kwenye kapu moja.

Mwenye kiti alikuwa Phyllis Kahn, aliyechaguliwa mara ya kwanza mwaka wa 1972. Na usidhani alikuwa mbunge wa kulala. Alikuwa mwanasayansi mwenye shahada ya uzamifu kutoka Yale, na alisukuma sheria ya 1975 iliyozuia watu kuvuta sigara ovyo mahali pa umma, mojawapo ya sheria za kwanza za aina hiyo Marekani. Tangu aingie bungeni, watoto walikuwa wamezaliwa, wakakua, wakapata watoto wao, na bado yeye alikuwa pale. Kumwambia mtu kama huyo apishe njia si kazi ya kutukana mtandaoni. Inabidi uwaulize wapiga kura wenyewe kama wako tayari kwa mtu mwingine, na uwe tayari kusikia wakisema la.

Kazi isiyopigwa picha

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea tunapomsikia mtu akiitwa "mgombea wa mara ya kwanza". Tunadhani aliamka asubuhi, akapiga picha nzuri, akaweka bango mtandaoni na slogani, halafu bahati ikamwangukia.

Ilhan alikuwa amebeba siasa za wengine kwa miaka. Mwaka wa 2012 aliendesha kampeni ya seneta wa jimbo, Kari Dziedzic. Kiti cha seneta huyo kilikuwa namba 60, na 60B ni nusu ya eneo hilo. Kwa maneno mengine, barabara alizotembea akiombea mtu mwingine kura ndizo zile zile alizorudi kutembea akijiombea mwenyewe miaka minne baadaye. Mwaka wa 2013 akawa meneja wa kampeni ya Andrew Johnson, aliyegombea kiti cha baraza la jiji la Minneapolis. Johnson aliposhinda, Ilhan aliingia ofisini kwake kama msaidizi wa masuala ya sera, akafanya kazi huko hadi 2015.

Fikiria mambo anayojifunza mtu wa aina hiyo. Anajua ni ghorofa gani milango haifunguliwi hadi saa mbili usiku kwa sababu watu wako kazini. Anajua ni mama yupi akikukubali, jengo zima limekukubali. Anajua orodha ya wapiga kura inavyosomwa na lini fomu hupelekwa. Kwa hivyo jina lake lilikuwa geni kwenye karatasi ya kura, lakini yeye mwenyewe hakuwa mgeni wa kazi.

Kipigo cha Februari

Na kazi hiyo ina gharama, tusidanganyane. Februari 2014, Mohamud Noor, Msomali mwenzake, alikuwa akijaribu kumng'oa Kahn kwenye kiti hicho hicho. Chama cha DFL, ambacho ndicho tawi la Democratic katika jimbo hilo, kiliitisha mkutano wa mtaa katika ukumbi wa Brian Coyle hapo Cedar-Riverside. Mambo yalichafuka na mkutano ukavunjika kwa vurugu. Ilhan, aliyekuwa mfanyakazi wa diwani wakati huo, alishambuliwa na watu kadhaa na kutoka na jeraha la kichwa.

Msichana wa Kenya aliyewahi kuhudhuria mkutano wa siasa hahitaji kuelezwa zaidi. Unajua vijana wanaolipwa kuvuruga, unajua maneno yanayotupiwa mwanamke anayethubutu kushika maikrofoni, unajua jinsi nyumbani wanavyokuambia, "Si uliambiwa hiyo si kazi yako?" Hapo wengi hukunja jamvi, na hakuna wa kuwalaumu.

Agosti ya mwaka huo Kahn alimshinda Noor kwenye mchujo. Miaka miwili baadaye, Noor alirudi uwanjani. Na safari hii Ilhan naye akaingia.

Hesabu ya watatu

Hofu ilikuwa rahisi kuielewa, maana hata sisi tunaijua vizuri sana. Wasomali wawili wakigawana kura za Wasomali, mama wa zamani anapita katikati na kurudi zake Saint Paul. Ni hesabu ile ile tunayofanya mtaani kila uchaguzi: "Mkisimama wawili kutoka nyumba moja, mmetupa kiti."

Hesabu hiyo ina kasoro moja. Inachukulia kwamba kila mtu atapigiwa kura na watu wake tu. Ilhan hakukubali kuwa mgombea wa jengo moja. Kampeni yake iliwafuata wanafunzi wa chuo kikuu, ikawafuata Wasomali na wahamiaji wengine wa Afrika Mashariki, ikagonga pia milango ya wazungu wazee waliokuwa wamempigia Kahn kura maisha yao yote. Aliongea nao kuhusu karo ya vyuo, mishahara ya chini na haki mbele ya polisi, mambo ambayo hayaulizi mtu anatoka wapi.

Aprili 2016 wajumbe wa chama walikutana kuamua wamuidhinishe nani. Ilhan aliongoza, lakini hakufikisha asilimia 60 iliyohitajika. Hakuna aliyeidhinishwa. Wote watatu wakaenda kwenye mchujo wa Agosti.

Matokeo yakawa hivi: Ilhan Omar 2,404, Mohamud Noor 1,738, Phyllis Kahn 1,726.

Angalia namba hizo tena polepole. Noor na Kahn walitenganishwa na kura 12. Matatu ya watu 14 haijajaa. Ilhan alipata takriban asilimia 41, akamwacha wa pili kwa kura 666. Na sasa jambo lenyewe ninalotaka ulishike: kura zote za wagombea hao watatu zilikuwa 5,868. Minnesota ilikuwa na watu kama milioni 5.5, ukigawanya kwa viti 134, kila mwakilishi ana watu takriban 40,000. Toa watoto na wasio raia, bado wanabaki maelfu kwa maelfu waliokuwa na haki ya kupiga kura Agosti ile na hawakutokea. Walikuwa wakingoja Novemba, uchaguzi "wenyewe".

Novemba ilipofika, hakukuwa na kitu cha kuamua. 60B ilikuwa ngome ya DFL. Mpinzani wa Republican, Abdimalik Askar, alikuwa amesimamisha kampeni yake tayari, ingawa jina lake lilibaki kwenye karatasi. Ilhan alishinda kwa takriban asilimia 80. Usiku huo huo wa Novemba 8, Donald Trump alichaguliwa rais, siku mbili tu baada ya kusimama mbele ya umati hapo Minneapolis na kulalamika kuhusu wakimbizi wa Kisomali. Januari 2017 msichana wa Utange akaapishwa, Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Somalia kuingia katika bunge la jimbo lolote nchini humo.

Na Noor? Hakufa moyo. Mwaka wa 2018 Ilhan alipoamua kuwania Kongresi, kiti cha 60B kilibaki wazi, Noor akagombea na akakishinda. Kuanguka mara mbili hakukumzuia mara ya tatu.

Na huku kwetu je?

Najua unachotaka kusema. Minnesota si Kenya. Na ni kweli, tuseme ukweli wote. Kule mchujo unasimamiwa na serikali kama uchaguzi mwingine wowote, vituo ni rasmi na kura zinahesabiwa rasmi. Mtu anaweza hata kujisajili siku hiyo hiyo ya kupiga kura. Hapa, sajili hufungwa mapema na mchujo ni wa chama. Mara karatasi zimechelewa, mara wakubwa wameketi hotelini wakapeana tiketi ya moja kwa moja, mara aliyeshindwa ametangazwa mshindi. Ukilalamika unaelekezwa kwenye Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Kisiasa, na saa inayoyoma.

Lakini hebu uliza hivi: kwa nini wakubwa wanapigania mchujo kwa nguvu kiasi hicho? Kwa sababu wanajua kile ambacho wewe hujataka kukijua. Katika ngome ya chama, kiti huisha hapo. Agosti ni sherehe tu. Wewe unayesema "nitapiga kura Agosti, haya ya vyama hayanihusu" umewaachia watu wachache wakuchagulie, kisha Agosti unaletewa uidhinishe.

Mifano ya kwetu ipo. Mwaka wa 2022 Linet Chepkorir, maarufu Toto, alichaguliwa Mwakilishi wa Wanawake Bomet akiwa na miaka 24. Watu wengi wanakumbuka Agosti. Lakini mlima wake ulikuwa Aprili, kwenye mchujo wa UDA, alipowabwaga wapinzani waliomzidi umri na mfuko. Katika ngome ya chama hicho, baada ya hapo kilichobaki kilikuwa mteremko.

Na kama hutaki chama kabisa, njia ipo pia. John Paul Mwirigi alishinda ubunge wa Igembe Kusini 2017 akiwa na miaka 23, mgombea huru, akifanya kampeni nyingi kwa miguu kwa sababu hakuwa na gari. Katiba inasema ukitaka kuwania udiwani bila chama, uungwe mkono na angalau wapiga kura 500 waliosajiliwa katika wadi yako. Ubunge ni 1,000. Na lazima uwe umetoka chamani angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Uchaguzi ukiwa Agosti 10, 2027, usisubiri hadi Juni ukumbuke kwamba jina lako bado liko kwenye sajili ya chama fulani. Wengi wamewahi kugundua wamesajiliwa vyama ambavyo hata hawavijui, kwa hivyo angalia mapema.

Wale 500 ndio mtihani wa kweli. Wafuasi wa Instagram hawahesabiki, maana wengine wako Ruiru na wewe unawania Kariobangi. Wanahitajika watu 500 wa wadi yako, wenye majina na nambari za kitambulisho, walio tayari kusema huyu namjua. Ukishindwa kuwapata hao, jua mapema kwamba bado hujaanza, na hakuna aibu. Nenda kambebee mtu mwingine kampeni kwanza. Simamia kituo kama ajenti, ule githeri baridi ukilinda fomu usiku kucha. Jua wazee wa mtaa, jua mama mboga, jua vijana wa bodaboda wanakoegesha. Kenya ina wadi 1,450. Katika kila moja kuna mtu anayefanya kazi hiyo sasa hivi kimya kimya, na mara nyingi anaifanya kwa niaba ya mheshimiwa yule yule unayemlalamikia.

Juni 2024 vijana wa nchi hii walionyesha wanaweza kujaa barabarani bila kuitwa na mwanasiasa yeyote, na wengine hawakurudi nyumbani. Hakuna atakayewaambia kwamba hawana ujasiri. Kinachoulizwa sasa ni kama ujasiri huo utavumilia kazi ya kuchosha: mikutano ya chama ya Jumamosi mchana isiyo na kamera, orodha za majina, mlango wa ghorofa ya tano unaofunguliwa nusu na mtu aliyechoka kusikia ahadi.

Kwa hivyo fanya hivi. Leo, kabla hujalala, tafuta kura ngapi zilimpa diwani wako ushindi 2022, na aliyemfuata alipata ngapi. Matokeo yalitangazwa hadharani, hiyo si siri. Toa moja kwa nyingine, kisha uangalie ploti yako na majirani zako, uhesabu ni milango mingapi hiyo. Ukishapata jibu, uliza swali la pili: mchujo uliompitisha ulifanyika siku gani, na wewe siku hiyo ulikuwa wapi?